Kilo 12 Zimetoka Wapi? Shajara ya Wiki 25 za Kupunguza Uzito

Kabla ya kuanza

Mradi huu niliuanza nikiwa na lengo moja tu, nalo ni kushusha uzito wangu kutoka kilo 94.6 hadi kilo 80. Nina umri wa miaka 43 na kimo cha sentimita 174. Kiuno changu siku ya kwanza kilikuwa sentimita 106, na hicho ndicho kilichomtia daktari wasiwasi kuliko uzito wenyewe, kwa kuwa kiuno kinachozidi nusu ya kimo cha mtu ni dalili ya mafuta mengi yaliyojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Yeye ndiye aliyenishauri nipimwe kwa mashine ya DXA, ambayo hutumia miale hafifu ya eksirei kutenganisha mifupa, mafuta na tishu nyingine laini. Majibu yalisema kwamba nina kilo 31.2 za mafuta na kilo 63.4 za vitu vingine vyote kwa pamoja, yaani misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji. Karatasi ile niliikunja, nikaichomeka ndani ya jalada la daftari hili, kisha nikaisahau kwa wiki 10.

Wiki ya 1 hadi ya 3

Mpango ulikuwa mwepesi kuuelezea: kula kalori 800 pungufu ya mahitaji yangu kila siku, na kutembea kwa haraka dakika 45 kila asubuhi. (Nikisema kalori nina maana ile ya lebo za vyakula, ambayo kitaalamu ni kilokalori.) Kilo moja ya tishu ya mafuta hubeba takribani kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 800 kwa siku ungenipunguzia kama gramu 730 kwa wiki.

Wiki ya kwanza zilipungua kilo 1.7. Nilijua kwamba sehemu kubwa ya hizo ni maji, kwa sababu mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glikojeni, gramu 400 hadi 500 katika misuli na kama gramu 100 katika ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na takribani gramu 3 za maji. Mtu anapopunguza chakula, akiba hupungua na maji yake huondoka nayo. Nililiandika hilo kwa fahari ya mtu aliyesoma, kisha nikaendelea kushangilia kilo zile kana kwamba zote ni mafuta.

Wiki ya 6

Uzito ni kilo 89.0. Kwa hesabu yangu nilitarajia kupungua kilo 4.4, lakini zimepungua 5.6. Katika ukurasa wa siku ile niliandika hivi: «Mwili unashirikiana nami kuliko nilivyotarajia.» Sentensi hiyo nimeiacha kama ilivyo, ingawa sasa inanitia haya. Chini yake, kwa herufi ndogo, niliandika pia kwamba pushapu nilizoweza kupiga kwa mkupuo zimeshuka kutoka 14 hadi 11, nikaeleza kuwa nilikuwa nimelala vibaya.

Wiki ya 10

Uzito ni kilo 85.9. Zimepungua kilo 8.7, na kila aliyeniona alinisifu. Hata hivyo pushapu zimeshuka hadi 9. Jaribio la kuinuka kitini na kuketi tena bila kutumia mikono kwa sekunde 30, ambalo hutumiwa zaidi kupima nguvu za miguu ya wazee, limenipa 15, wakati siku ya kwanza nilifikisha 17. Mtu mwepesi kwa karibu kilo 9 alipaswa kuinuka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa anainua mzigo mdogo kuliko zamani. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile karatasi, nikaomba kupimwa upya.

Majibu ya mara ya pili yalikuwa haya: mafuta kilo 25.8, vingine vyote kilo 60.1. Katika kilo 8.7 nilizoshangilia, mafuta yalikuwa kilo 5.4 tu, na kilo 3.3 zilizobaki hazikuwa mafuta. Ni kweli kwamba si zote 3.3 zilizokuwa misuli, maana glikojeni na maji yake huhesabiwa upande huohuo, na hata tishu ya mafuta ina maji na protini kidogo ndani yake. Lakini miguu yangu na mikono yangu ilikuwa imekwisha kunipa ushahidi kabla ya mashine.

Nimetumia jioni mbili kurudia hesabu, na sasa naona kwamba onyo lilikuwapo katika daftari tangu wiki ya 6. Upungufu wa kalori 800 kwa siku 70 ni kalori 56,000. Ukigawanya kwa 7,700 unapata kilo 7.3, ilhali mimi nilipoteza 8.7. Ile kilo 1.4 ya ziada niliihesabu kuwa zawadi. Kumbe tishu ya misuli ni maji kwa takribani robo tatu, na kilo moja ya tishu isiyo mafuta hubeba kalori kama 1,800 tu. Deni la kalori 7,700 likilipwa kwa mafuta, mizani hushuka kwa kilo moja. Likilipwa kwa misuli, mizani ingeshuka kwa zaidi ya kilo nne. Kwa maneno mengine, kadiri mtu anavyopoteza nyama badala ya mafuta, ndivyo mizani inavyompongeza, na uzito unaoshuka haraka kuliko hesabu, baada ya maji ya wiki ya kwanza kuondolewa, ni jambo la kuchunguza.

Sababu ya mwili kufanya hivyo si siri. Protini za misuli hujengwa na kubomolewa kila siku, na unene wa msuli hutegemea ni upande upi unaozidi. Mafuta yana ghala lake na wanga una ghala lake, lakini protini haina ghala la pekee. Akiba yake ni tishu zenyewe zinazofanya kazi. Anayekula kidogo, akala protini kidogo ndani ya kile kidogo, na asiupe msuli kazi nzito, ameondoa karibu kila sababu ya mwili kuutunza msuli huo. Nilipopitia kumbukumbu za chakula nilikuta wastani wangu wa protini ulikuwa gramu 60 kwa siku, yaani chini ya gramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito, wakati hata mtu asiyepunguza uzito hushauriwa kupata 0.8.

Matembezi yangu nayo niliyadhani ni kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia wazee wenye unene uliokithiri waliokuwa wakipunguza uzito, wengine kwa mazoezi ya pumzi kama kutembea, wengine kwa kunyanyua vyuma, na wengine kwa yote mawili. Vikundi vyote vitatu vilipoteza takribani asilimia 9 ya uzito, lakini tishu isiyo mafuta ilipungua kwa asilimia 5 kwa waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake, asilimia 2 kwa walionyanyua vyuma, na asilimia 3 kwa waliochanganya. Waliochanganya ndio walioboreka zaidi katika uwezo wa kufanya kazi za mwili. Nimeyaacha matembezi yaendelee kwa ajili ya moyo, ila siyategemei tena kuilinda misuli.

Wiki ya 11

Lengo la kilo 80 nimelifuta kwa mstari mmoja. Badala yake nimeandika vipimo vitatu: kiuno, uzito ninaoweza kunyanyua, na kipimo cha DXA katika wiki ya 24. Upungufu wa kalori nimeushusha kutoka 800 hadi 400 kwa siku, na protini nimeipandisha hadi gramu 135, yaani kama 1.6 kwa kila kilo, nikiigawa katika milo minne badala ya kuirundika jioni. Nilimuuliza daktari kwanza, kwa kuwa mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kujipandishia protini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mazoezi ya nguvu ni siku tatu kwa wiki, na kila siku hugusa mwili mzima: kuchuchumaa nikiwa na fimbo ya chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma chuma nikiwa nimelala chali, kuvuta dambeli kuelekea kiunoni, na kusukuma juu ya kichwa. Kila zoezi lina seti tatu za marudio 8 hadi 12, na seti nzito huisha pale ninapohisi kwamba ningeweza kuongeza marudio mawili tu. Nimeanza kuchuchumaa kwa kilo 30.

Mwalimu wa mazoezi niliyemkuta alinipangia dambeli nyepesi na marudio 30, akisema kwamba vyuma vizito ni vya wanaotaka kutanua mwili na vyepesi ni vya wanaotaka kuchoma mafuta. Sikukubaliana naye. Chuma chepesi kinaweza kujenga msuli pia, mradi seti ifikishwe karibu na kikomo cha uwezo, lakini yeye alinisimamisha kabla jasho halijanitoka. Tena mafuta hayatolewi na zoezi la mahali yalipo. Mwili huyachota kwenye maghala yake kwa utaratibu wake wenyewe, na ndiyo maana mamia ya marudio ya tumbo hayapunguzi kitambi. Katika kipindi cha kupunguza uzito kazi ya vyuma ni kuupa msuli sababu ya kubaki, na kazi ya kuondoa mafuta ni ya ule upungufu wa kalori.

Wiki ya 12

Uzito umepanda hadi kilo 86.7. Mapaja yananiuma kiasi cha kunifanya nishuke ngazi kwa kinyumenyume.

Ninakiri kwamba siku ya Jumatano nilikaribia kurudi kwenye mpango wa zamani. Nilikuwa nimepima chakula kwa uaminifu, nimenyanyua vyuma mara tatu, na malipo yangu yalikuwa gramu 800 za nyongeza. Kilichonizuia ni tepu, iliyoonyesha kiuno kimeshuka kutoka sentimita 100.5 hadi 100. Msuli usiozoea kazi, hasa kazi ya kushusha mzigo polepole, hupata majeraha madogo madogo na kuvuta maji wakati wa kujitengeneza. Maumivu hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Juu ya hayo, msuli unaofanya kazi huongeza akiba ya glikojeni, pamoja na maji yake. Ni maji yaleyale yaliyonifurahisha wiki ya kwanza yalipoondoka, na yalinihuzunisha yaliporudi.

Wiki ya 14

Uzito ni kilo 85.6. Ninachuchumaa kwa kilo 47.5. Ongezeko la kilo 17.5 katika wiki tatu lisinidanganye: mwanzoni nguvu hupanda hasa kwa sababu neva hujifunza kuziita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, na msuli wenyewe hunenepa taratibu baadaye.

Jambo la kujutia ni kwamba nilijidanganya. Katika zoezi la kunyanyua kutoka sakafuni niliongeza kilo 10 kwa mkupuo mmoja, mgongo ukajikunja katika rudio la nne, nikahisi mshtuko upande wa kushoto wa kiuno. Hapakuwa na jeraha kubwa, ila nilipoteza siku 9 za zoezi hilo. Kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua si mpya. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa, alichapisha maelezo ya namna ya kurudisha nguvu za misuli kwa mizigo mizito inayoongezwa kwa mpango. Neno la msingi ni «kwa mpango». Kuanzia sasa naongeza kilo 2.5, na naziongeza pale tu seti zote tatu zinapofikisha marudio 12.

Wiki ya 17

Uzito ni kilo 84.7, kiuno sentimita 98. Wiki mbili hizi nililala saa tano na nusu kwa usiku kwa sababu ya kazi, na vyuma viliganda mahali pamoja. Nimeiweka alama nyekundu safu ya usingizi, ambayo awali niliiona kuwa ya mapambo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2010, watu 10 walipewa chakula pungufu kwa siku 14 mara mbili, mara moja wakiwa na nafasi ya kulala saa 8.5 na mara nyingine saa 5.5. Walipoteza takribani kilo 3 katika hali zote mbili, lakini waliponyimwa usingizi mafuta yaliyopungua yalikuwa kilo 0.6 badala ya 1.4. Ni kikundi kidogo, lakini kinafanana mno na nilivyokuwa katika wiki zile 10 za mwanzo, wakati ambao nilikuwa nikikata usingizi ili nipate muda wa kutembea.

Wiki ya 18

Nimenunua mizani inayopitisha mkondo hafifu wa umeme mwilini na kukadiria mafuta. Jumatatu usiku ilisema asilimia 27, Jumanne asubuhi ikasema 30. Mkondo hupita kwa urahisi penye maji na kwa shida penye mafuta, kwa hiyo mtu aliyeamka na kiu huonekana amenenepa. Ninaitumia kwa uzito peke yake.

Wiki ya 20

Uzito ni kilo 83.8, kiuno 96.5, kuchuchumaa kilo 60.

Rafiki niliyekuwa namweleza mradi huu aliniambia kwamba nikijenga misuli nitaweza kula nipendavyo, kwa kuwa misuli huchoma kalori hata mtu akiwa amelala. Nimelipima dai hilo. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takribani kalori 13 kwa siku, na kilo moja ya mafuta kama 4.5. Hata kilo 3.3 nilizopoteza, kama zote zingekuwa misuli, zingenipunguzia matumizi ya kalori 43 tu kwa siku, ambazo hazifiki hata tunda moja la wastani. Anayejenga misuli ili apate ruhusa ya kula atavunjika moyo. Sababu zangu ni nyingine: misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari inayotolewa kwenye damu baada ya mlo, ndiyo inayomwinua mtu kitini, na kuanzia umri wa miaka 30 hivi hupungua kwa kati ya asilimia 3 na 8 kila muongo hata bila kujinyima chakula. Katika umri wangu, misuli iliyopotea kwa wiki 10 hairudi kwa wiki 10.

Huyo huyo aliniuliza pia kama misuli yangu itageuka mafuta nikiacha mazoezi. Haigeuki. Ni tishu mbili tofauti. Moja husinyaa kwa kukosa kazi, nyingine hutanuka kwa chakula kilichozidi, na kwa kuwa mambo hayo mawili hutokea pamoja kwa watu wengi, macho huona kama moja limekuwa jingine.

Wiki ya 24

Kipimo cha tatu cha DXA nimekifanya saa ileile ya asubuhi kama viwili vilivyotangulia, kabla ya kula na siku moja baada ya kupumzika, ili maji ya mwili yasiharibu ulinganisho. Uzito ni kilo 82.5. Mafuta ni kilo 21.5, na vingine vyote ni kilo 61.0.

Kwa hiyo katika wiki 14 za vyuma uzito umepungua kilo 3.4 tu, lakini mafuta yamepungua kilo 4.3, na tishu isiyo mafuta imeongezeka kilo 0.9. Kiuno kimeshuka kwa sentimita 5.5, sawasawa kabisa na kilivyoshuka katika wiki 10 za kwanza zilizonigharimu kilo 8.7. Pushapu zimefika 22. Jaribio la kiti limefika 23.

Hesabu ya kalori nayo imegeuka upande wa pili. Upungufu wa 400 kwa siku 98 ni kalori 39,200, ambazo kwa kanuni ya 7,700 zilipaswa kuniondolea kilo 5.1, mizani inanidai kilo 1.7. Ningekuwa bado ninaongozwa na mizani ningesema kipindi hiki kimeshindwa. Sidai kwamba kilo 0.9 zote ni misuli mipya, maana glikojeni na maji yake yamo humo, na kipimo chenyewe kina kosa lake. Ninachodai ni kidogo zaidi: kilichopungua safari hii ni mafuta, na hakuna chochote kingine kilichopungua pamoja nayo.

Ningependa kujua ni kipi kilichofanya kazi zaidi kati ya vyuma, protini na kupunguza kasi, lakini nilivibadili vyote siku moja, kwa hiyo daftari langu haliwezi kunijibu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, ulitenganisha angalau jambo moja. Vijana 40 wa kiume walikula asilimia 40 pungufu ya mahitaji yao kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali ya aina moja. Waliokula protini gramu 2.4 kwa kilo waliongeza kilo 1.2 za tishu isiyo mafuta na kupoteza kilo 4.8 za mafuta, na waliokula gramu 1.2 waliongeza kilo 0.1 na kupoteza 3.5. Hata kundi lililopata protini kidogo halikupoteza misuli, nami naelekea kuamini kwamba vyuma ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya kazi na protini ikaongezea juu yake.

Wiki ya 25

Nimeacha upungufu wa kalori kwa wiki 8 ili nione kama ninaweza kubaki hapa nilipo huku vyuma vikiendelea kupanda. Nimerudisha kalori 400, nyingi zikiwa za wanga. Siku ya nne uzito ulikuwa umepanda kilo 0.9, kiuno kikiwa palepale kwenye sentimita 95. Jioni nilichuchumaa kwa kilo 72.5, seti tatu za marudio 8, na sikubadili kitu kingine chochote katika mpango.